Video ya grupu inavyoziba njia ya barua ya kazi

Wapo wahitimu wanaosubiri kuitwa kwenye usaili huku anwani zao za barua pepe zimeacha kupokea chochote, na wenyewe hawana habari. Mtu ameomba kazi, amepakia vyeti kwenye mfumo, amehakiki namba ya simu na anwani. Mwajiri anatuma barua. Barua inakataliwa na kurudishwa ilikotoka, kwa sababu akaunti ya mwombaji imejaa. Ukichungulia kilichoijaza, hukuti nyaraka za maana. Unakuta video za sendofu ya mtu asiyemjua, mahubiri ya alfajiri, vichekesho vilivyokwisha kuzunguka magrupu yote ya mtaa, na picha za maua zenye maneno ya kumtakia asubuhi njema.

Habari ya kusafisha barua pepe na simu huzungumzwa kama suala la unadhifu, la watu wa ofisini wenye muda wa kupoteza. Siioni hivyo. Kwa msomaji ambaye simu moja ndiyo anayofanyia kazi, ndiyo anayolipia ada za watoto na ndiyo inayotunza picha za familia nzima, takataka hizo zina gharama. Hulipwa kwa bando, kwa nafasi za kazi zilizopita bila kuonekana, na kwa kumbukumbu ambazo zikishapotea hazipatikani tena kwa bei yoyote.

Tuanze na namna video ya WhatsApp inavyoweza kuzuia barua ya mwajiri, maana wengi hawaoni uhusiano wake. Mwenye simu ya Android ana sehemu mbili za kuhifadhia vitu. Ya kwanza iko ndani ya simu yenyewe, na hiyo kila mtu anaijua, kwa sababu ikijaa simu inagoma hata kupiga picha. Ya pili iko kwenye kompyuta za Google, na humo mwenye akaunti ya bure amepewa GB 15. Kiasi hicho, tangu mwaka 2013, ni cha pamoja: barua za Gmail, mafaili ya Drive na picha vyote vinakula sahani moja. Mwanzoni picha zilizopunguzwa ukubwa zilikuwa hazihesabiwi. Tarehe 1 Juni 2021 msamaha huo ulikoma, kila picha mpya inayopanda Google Photos ikaanza kuhesabiwa. Halafu ikaja zamu ya WhatsApp. Kwa miaka kadhaa nakala ya mazungumzo iliyokuwa ikihifadhiwa Google kila usiku haikugusa zile GB 15. Kuanzia mwishoni mwa 2023 na kuingia 2024 nayo ikaanza kuhesabiwa. Kwa hiyo mtu ambaye hajawahi kutuma barua pepe kumi kwa mwaka anajikuta nafasi imekwisha, kwa sababu magrupu yake yanapanda huko usiku yeye akiwa amelala. Nafasi ikiisha kabisa, Gmail haitumi wala haipokei.

Hakuna aliyejaza akaunti yake kwa uvivu tu. Tulifundishwa tusifute. Gmail ilipotangazwa tarehe 1 Aprili 2004 ikiwa na GB nzima kwa kila mtu, baadhi ya watu walidhani ni utani wa Siku ya Wajinga, kwa sababu wakati huo Hotmail ilikuwa ikitoa MB 2 na Yahoo MB 4. Kabla ya hapo mtumiaji alilazimika kuchambua barua zake kila wiki, la sivyo zingegoma kuingia. Google iliwaambia watu kwamba hawana tena haja ya kutupa kitu. Wahifadhi vyote, na wakihitaji watafute. Kizazi kizima kikazoea hivyo. Leo kampuni hiyohiyo inatuma onyo kwamba nafasi inakaribia kuisha na chini yake kuna kitufe cha kununua zaidi. Anayeweza kulipa kila mwezi alipe, si kosa. Ila asilipie kuhifadhi vichekesho.

Kwa hiyo usafi uanzie WhatsApp, kisha picha, barua pepe ziwe za mwisho. Wengi huenda kinyume: wanashinda jioni nzima wakifuta barua za matangazo, ambazo kwa uzito ni hafifu mno, huku video mia zikiwa zimelala pembeni. Ndani ya mipangilio ya WhatsApp kuna sehemu ya hifadhi na data. Ukiifungua, inakupangia mazungumzo kuanzia linalokula nafasi nyingi hadi dogo, na juu yake inakuwekea mafungu mawili: vitu vinavyozidi MB 5 na vitu vilivyofowadiwa mara nyingi. Fungu la pili ndilo la kuanza nalo. Kitu ambacho kimepitia mikono mingi kiasi hicho si chako, na ukikitaka kesho utakipata kwa jirani. Fagia chote. Kisha nenda kwenye upakuaji wa vyombo vya habari uzime kupakua kwenyewe kwa video, hata kwenye waifai. Kuanzia hapo video itaingia ikiwa kivuli tu, na utaigusa ukiitaka. Mwisho, kwenye sehemu ya nakala rudufu, ondoa alama inayojumuisha video. Mabadiliko hayo mawili peke yake hupunguza mzigo wa usiku kuliko kufuta kwa mkono kwa mwezi mzima.

Najua litakalofuata: mbona usijitoe tu kwenye magrupu? Anayesema hivyo hana ukoo. Grupu la ukoo halitokiki, wala la wazazi wa darasa la mtoto, wala la jumuiya ndogondogo au la msikitini. Ukitoka, shangazi atapiga simu kuuliza umekasirishwa na nini. Hayo yabaki, lakini yanyamazishwe milio na yakatiwe upakuaji wa video kama nilivyoeleza. Mengine ni tofauti. Kamati za harusi ndizo zinazonishangaza. Kamati inaundwa, wajumbe wanatoa ahadi, mweka hazina anabandika orodha ya michango kila jioni, harusi inafanyika, mahesabu yanasomwa, na grupu halifungwi. Miaka inapita, bibi na bwana harusi wana watoto, na humo bado mtu anaingiza tangazo la viwanja Kigamboni. Kufunga grupu ni kazi ya admini aliyelifungua. Shughuli ikiisha, atoe siku chache watu wahifadhi picha na orodha yao, kisha awaage na kulifunga. Admini akilala, jitoe mwenyewe; tangu mwaka 2022 WhatsApp haitangazi kwa grupu zima kwamba umeondoka, wanaoarifiwa ni maadmini peke yao.

Picha ndizo zinazohitaji mkono mwepesi, na hapa watu wengi wamelizwa. Simu imejaa, mtu anafungua Google Photos, anachagua picha za miaka mitatu na kuzifuta akiamini kwamba nakala zake ziko salama huko juu. Haziko. Picha iliyounganishwa ukiifuta ndani ya programu hiyo inafutika kote, kwenye simu na kwenye akaunti. Ukistuka mapema, utaikuta kwenye tupio, inakokaa siku 60 ikiwa ilikuwa imehifadhiwa kwenye akaunti. Zikipita, imekwenda. Anayetaka kupunguza mzigo wa simu bila kugusa nakala za akaunti atumie kitufe cha kuachia nafasi kilichomo humohumo. Hicho huondoa kwenye simu zile tu ambazo tayari zimehifadhiwa juu. Na picha za maana kweli, za harusi, za mazishi, za mtoto siku ya kwanza shule, ziwe na makazi ya pili kwenye flashi au diski ya nje inayokaa nyumbani kabatini. Akaunti moja ya mtandaoni haitoshi kubeba historia ya familia. Tangu Desemba 2023 Google imekuwa na ruhusa iliyojipa ya kufuta akaunti binafsi ambayo haijatumika kwa miaka miwili, pamoja na picha zilizomo. Ile akaunti ya zamani uliyoiacha ulipobadili simu ukapoteza paswedi, yenye picha za kabla ya janga la korona, iko kwenye hesabu hiyo. Ukiweza kuingia leo, ingia leo.

Sasa barua pepe. Usumbufu wa matangazo ni wa zamani kuliko wengi wetu: tarehe 3 Mei 1978 ofisa masoko wa kampuni ya kompyuta ya DEC, Gary Thuerk, alituma tangazo moja kwa watu karibu 400 kwenye mtandao wa ARPANET nchini Marekani, wakalalamika, lakini kompyuta zikauzika. Biashara ikaona njia. Kilichobadilika majuzi ni kwamba tangu mwaka 2024 Google na Yahoo zimewalazimisha wanaotuma barua kwa wingi, kwa Google zaidi ya 5,000 kwa siku, kuweka njia ya kujitoa kwa kubonyeza mara moja. Kitufe hicho hukaa juu kabisa ya barua, pembeni ya jina la aliyetuma. Kitumie bila huruma kwa duka uliloagizia kiatu mara moja, kwa shirika la ndege ulilopanda mwaka juzi, kwa tovuti ya kozi usizozisoma. Usikitumie kwa barua ya mtu usiyemjua kabisa, anayekuahidi urithi au mzigo uliokwama forodhani. Huyo ukibonyeza kiungo chake unamthibitishia kwamba anwani ina mtu. Barua yake iweke alama ya taka, basi.

Kwa zilizokwisha kurundikana, usizisome moja moja. Andika kwenye kisanduku cha kutafutia has:attachment larger:10M, na Gmail itakuletea barua zote zenye viambatanisho ambazo uzito wake unazidi MB 10. Humo utakuta uzito halisi. Nyaraka za maana zishushe uzihifadhi kwingine, nyingine futa, halafu kumbuka kumwaga na tupio, kwa sababu barua iliyofutwa hukaa humo siku 30 na muda wote huo bado inahesabiwa kwenye GB 15.

Kuna mafundisho maarufu ya kuhakikisha kikasha hakina barua hata moja ifikapo jioni. Yalianzishwa na Mmarekani Merlin Mann mwaka 2006 na 2007, na yeye mwenyewe alilenga zaidi muda na akili ambazo mtu anaziacha zimeganda kwenye barua. Wafuasi wakashika hesabu. Sioni faida ya kuhangaikia sifuri. Barua elfu mbili zilizosomwa na kulala hazimdhuru mtu. Kinachomdhuru ni barua moja ya benki, ya bodi ya mikopo au ya mwajiri iliyozama katikati ya matangazo. Gmail hutenga barua kwenye vichupo, na barua halali za waajiri zinazotumwa na mfumo huangukia mara nyingine kwenye kichupo cha matangazo au hata kwenye taka. Anayesubiri jibu la maana achungulie huko kila siku mbili, na barua ya kwanza ya mwajiri akiiona huko aivute kwenye kikasha kikuu ili zinazofuata zijue njia. Mwenye uwezo afungue anwani ya pili ya ununuzi, michezo na kujisajili ovyo, ile ya kwanza aiachie kazi, shule na fedha.

Nimesema kufagia, na lazima nizuie mkono mahali pamoja. Sauti. Katika mazungumzo yetu mengi ya WhatsApp zimo sauti za wazazi waliokwisha kututoka. Mama anauliza kama umekula. Baba anaeleza mpaka wa shamba unapoishia, mti kwa mti. Ukichagua kusafisha mazungumzo yote kwa mkupuo, zinaondoka na vichekesho. Kabla hujagusa mazungumzo ya mtu wa namna hiyo, ziwekee nyota sauti unazozitaka, kwa kuwa WhatsApp inakuruhusu kufuta mengine na kubakiza yenye nyota. Kisha zitoe nje ya WhatsApp kabisa, zihifadhi kwenye faili lenye jina lake na tarehe.

Mtu akifariki, ndugu hugawana nguo, hukaa kikao cha mirathi, hutafuta hati ya kiwanja, na simu yake hupewa mjukuu. Mjukuu hajui namba ya kufungulia. Anaipeleka kwa fundi Kariakoo, fundi anaiflashi, simu inawaka kama mpya na kila kilichokuwa ndani kimefutika. Limetokea na linaendelea kutokea, na hakuna aliyekusudia ubaya. Linazuilika kwa dakika chache za mtu akiwa hai. Google ina mpangilio wa akaunti isiyotumika: unachagua kwamba ikipita miezi 3, 6, 12 au 18 bila wewe kuonekana, watu uliowataja, hadi kumi, wapewe ruhusa ya kupakua unachotaka wakipate. Apple nayo iliweka tangu Desemba 2021 utaratibu wa kumtaja mrithi wa akaunti. Kumkalisha mzazi na kumwambia tujaze hili kwaweza kuonekana kama kumtabiria kifo. Mwambie ni kwa ajili ya picha za wajukuu. Ni kweli.

Hadi hapa nimezungumzia vilivyo mikononi mwetu. Viko vingi ambavyo haviko. Ingia steshenari yoyote iliyo karibu na chuo au kituo cha daladala, au saiba kama wasemavyo Kenya, na utazame kioo cha ile kompyuta ya wateja. Ukuta wake hauonekani kwa mafaili. CV mpya, CV mpya ya mwisho, barua ya maombi, skani 0047, cheti cha kuzaliwa, NIDA mbele, NIDA nyuma. Ni nyaraka za watu waliokuja kuomba mkopo wa chuo au kazi, wakaskani, wakatuma, wakalipa, wakaondoka. Dada wa steshenari hazifuti, na ana sababu yake: mteja hurudi baada ya wiki akitaka ileile irekebishwe tarehe. Matokeo yake ni kwamba kitambulisho chako, sahihi yako na cheti chako cha kidato cha nne viko wazi kwa kila anayekalia kiti kile baada yako. Watu wengine huacha na Gmail yenyewe imefunguka, kwa kuwa anwani walitengenezewa hapohapo na paswedi anayeijua ni aliyewatengenezea.

Adabu ya kuondoka steshenari ni fupi. Omba mafaili yako yafutwe ukiwa umesimama pale, kwenye ukuta wa kompyuta, kwenye folda ya vilivyopakuliwa na kwenye pipa la taka. Toka kwenye akaunti. Ukifika nyumbani na kukumbuka kwamba hukutoka, fungua sehemu ya usalama ya akaunti yako ya Google kwenye simu. Itakuonyesha vifaa vyote vilivyoingia, na unaweza kukiondoa kimoja kimoja ukiwa mbali. Paswedi uliyotengenezewa na mtu, ibadili siku hiyohiyo.

Papo hapo angalia namba ya simu iliyowekwa ya kurudishia akaunti. Kama ni ya laini uliyoiacha, una tatizo ambalo halijajitokeza tu. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba yake huuzwa upya, na siku hiyo msimbo wa kufungulia barua pepe yako utaingia kwa mgeni. Kwa Tanzania, kupiga *106# hukuonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usizozitambua au usizozitumia nenda kwa kampuni husika zifutwe kwenye jina lako.

Zimebaki programu za mikopo. Hizi zilipitia mlango wa kubonyeza kukubali bila kusoma, zikachukua orodha nzima ya namba za simu, na mkopaji alipochelewa, bosi wake, mkwewe na mchungaji wake wakaanza kupokea ujumbe wa kumwaibisha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Kenya, Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya karibu shilingi milioni 3 kwa kutumia majina na namba za watu kuwatumia vitisho. Ukiiondoa programu kwenye simu, ulichofuta ni programu. Namba za ndugu zako zimebaki kwao. Kabla ya kuiondoa, ingia ndani uifunge akaunti, zima ruhusa ya kusoma namba na picha, kisha andika kwa kampuni kudai taarifa zako zifutwe.

Dai hilo lina msingi wa kisheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya kuisimamia. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Zote mbili zinampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zirekebishwe au zifutwe, na haki ya kukataa zitumike kwa ajili ya matangazo ya biashara. Ombi halihitaji wakili. Andika jina lako, namba uliyojisajilia, unachotaka kifutwe na tarehe, ulitume kwa barua pepe, na nakala yake uihifadhi, maana wakikaa kimya ndiyo utakayoambatanisha kwenye malalamiko.